Meli Zinapita Mbali na Musoma

Ukikaa na watu wa kwetu Murangi, mkoani Mara, jioni, siasa huanzia barabarani na kuishia barabarani. Lami ya kutoka Musoma kupita Majita hadi Makojo na Busekera imekuwa wimbo wa kila kampeni ninayoikumbuka, na wenzangu humpima kila mgombea kwa kipimo hicho: kilomita ngapi, lini, mkandarasi nani. Sina ugomvi nao. Mama mjamzito anayekimbizwa Musoma wakati wa masika ndiye anayelipia ahadi hizo. Lakini tumetazama nchi kavu mpaka tumesahau ziwa lililo mgongoni mwetu, na tumesahau kwamba wazazi wetu walisafiri, walioa, walipata kazi na walipata hata muziki wao kupitia ziwa hilo. Ningependa tuongee kuhusu meli.

Vijana wa Musoma leo wanaijua bandari yao kama mahali pa mizigo. Babu zao waliijua kama stesheni. Meli ya Victoria iliundwa Scotland katika kiwanda cha Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya hapo na kuanza kazi mwaka 1961. Ilizunguka ziwa zima: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha Kisumu tena. Kabla yake zilikuwepo Usoga na Rusinga, meli za enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo mtu wa Majita aliyetaka kwenda Uganda hakuhitaji kuvuka mpaka wowote kwa gari. Alitembea au alipanda mtumbwi mpaka Musoma, akakata tiketi ya daraja la tatu, akatandika kanga yake kwenye sitaha kati ya magunia ya dagaa na vikapu vya kuku.

Mama yangu alisimulia safari hizo kwa furaha ambayo sikuisikia kwake kuhusu jambo lingine lolote. Alikuwa msichana, anakwenda kumsalimia kaka yake aliyeajiriwa na Reli ya Afrika Mashariki huko Kisumu. Kilichomkaa kichwani hakikuwa ziwa wala mji. Alisema habari za wanawake wa Kihaya waliomgawia ndizi, za Mganda mmoja mzee aliyesoma Biblia kwa sauti mpaka taa zikazimwa, za mabaharia Wajaluo waliotaniana na Wajita kuhusu nani anajua kuvua. Watu ambao kwa kawaida wasingekutana kamwe walilala pamoja chini ya turubai moja, na asubuhi waliagana kama ndugu. Shangazi yangu mmoja alimpata mume kwa namna hiyo. Ndoa ile ilizaa watoto sita upande wa Kenya, binamu zangu, ambao Kijita wanakijua kwa kuvunjavunja na ugali wa mihogo wanaupenda kuliko sisi.

Mjomba ndiye aliyeleta santuri. Kila likizo alishuka Musoma na sanduku, na ndani ya sanduku, katikati ya mashati, zilikuwa zimefungwa santuri za Nairobi. Nyingi zilikuwa za Kiswahili: Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, na bendi za kwetu wenyewe, Mara Jazz na Musoma Jazz, ambazo zilipiga Musoma lakini mtu wa Musoma alizisubiri zirudi kutoka Nairobi zikiwa zimechapwa, kwa maana Tanzania ya wakati ule ilikuwa na studio nzuri ya Radio Tanzania lakini haikuwa na uwezo wa maana wa kuchapa santuri. Nyingine zilikuwa za Kijaluo. Hizo ndizo zilizopendwa zaidi uani kwa babu, ingawa nusu ya waliozicheza hawakuelewa neno.

Aliyezitawala alikuwa Daniel Owino Misiani. Wakenya wanamwita mfalme wa benga na wana haki, kwa sababu huko ndiko alikofanyia kazi na huko ndiko alikofia, katika ajali ya gari karibu na Kisumu, Mei 17, 2006. Lakini alizaliwa Shirati, mkoa wa Mara, mwaka 1940. Bendi yake aliiita Shirati Jazz, akiwa ng'ambo, ili kila anayenunua santuri ajue kijana huyu ametoka wapi. Mimi naona fahari kubwa katika jambo hilo, na sijui kwa nini mkoa wetu haumkumbuki kwa lolote lililo wazi kwa mgeni: hakuna anayeshuka Shirati akaoneshwa kwamba hapa ndipo alipozaliwa mtu aliyelifanya gitaa la ziwa lisikike Ulaya na Marekani.

Na tusimkumbuke kwa gitaa peke yake. Misiani aliwasema wakubwa. Alichukua kisa cha Biblia au cha wanyama, akakiimba mpaka kila msikilizaji akajua nani ndiye fisi na nani ndiye mbuzi, na zaidi ya mara moja serikali ya Kenya ilimtia ndani kwa ajili ya nyimbo zake. Utanzania wake ulikuwa tishio lililokuwa tayari mkononi mwa polisi: ukisema sana tutakurudisha kwenu. Aliendelea kusema.

Nalitaja hili kwa sababu nina wasiwasi na jinsi tunavyopenda muziki wa zamani siku hizi. Jumapili redio zinapiga zilipendwa, wazee wanatikisa vichwa, watangazaji wanasema enzi zile zilikuwa tamu, hakukuwa na matusi, watu walipendana. Mimi pia nazipenda; mchana wa Jumapili bila Marijani Rajab nauona umepungua. Ila enzi zile zilikuwa na hofu yake. Mwaka 1974 watu wa mkoa huu walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, na wako walioiona nyumba yao ikibomolewa ili wasirudi. Mwezi Novemba mwaka huohuo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililofungua milango ya shule za msingi kwa watoto wote na kuwataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu. Mimi ni mtoto wa azimio hilo, darasa nilipata kwa sababu yake. Furaha na maumivu vilikaa katika mwaka mmoja, katika mji mmoja, na bendi zilipiga. Nyingi zilikuwa za mashirika na jumuiya: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na mshahara wa mwimbaji ulitoka hukohuko ambako ilibidi asifu. Anayeusikiliza muziki ule akabaki na utamu tu anawanyima wanamuziki wale nusu ya ujasiri wao na nusu ya dhiki yao.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka ule Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Vitabu vya historia vinasimulia ndege zilizozuiwa Nairobi, madeni, na tofauti za siasa kati ya ujamaa na ubepari. Mkataba wa kugawana mali ulitiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Mali iligawanywa kwa hesabu. Meli ya Victoria ikawa ya Tanzania, meli ya Uhuru ikawa ya Kenya, na zile safari za kuzunguka ziwa zima zikakatika. Kwenye hesabu hizo sijaona popote palipoandikwa shangazi yangu.

Aliachwa ng'ambo akiwa na mtoto wa kunyonya. Mjomba naye alibaki Kisumu, shirika lililomwajiri likiwa halipo tena. Babu alifariki katika miaka hiyo, na habari ziliwafikia walioko ng'ambo msiba ukiwa umekwisha, kwa barua aliyobeba mvuvi. Wavuvi ndio walioiweka familia yangu pamoja. Walivuka usiku bila ruhusa ya mtu, wakiwa na sukari upande mmoja na sabuni upande mwingine, na ndani ya kopo la mafuta ya kula, barua. Serikali zote mbili ziliwaita walanguzi. Bibi aliwachemshia uji.

Redio haikuweza kufungiwa mpaka. Sauti ya Kenya iliingia Majita bila kukwaruza kila jioni ya hewa nzuri, na Leonard Mambo Mbotela alitufunza adabu sisi watoto wa Tanzania katika kipindi chake cha Je, Huu Ni Ungwana?, alichokuwa amekianzisha mwaka 1966. Alipofariki Februari 2025 dada yangu alinipigia simu akilia, mwanamke wa Musoma akimlilia mtangazaji wa Nairobi ambaye hakuwahi kumwona. Mama yeye alikuwa na sababu nyingine ya kusikiliza. Alisubiri salamu. Mara moja, na narudia kusema mara moja, jina la mjomba lilisomwa, likifuatwa na majina ya watu wote wa nyumbani kwetu, kisha ukapigwa wimbo. Mama aliweka mwiko chini na ugali ukaungua.

Siasa iliyotukata vile ilikuwa ya viongozi tuliowapenda, na mmoja wao alikuwa mtu wa mkoa huu, amezikwa Butiama, safari fupi tu kutoka hapa. Sisi wa Mara tunaona tabu kulisema hili. Mwalimu Nyerere ni wetu kabla hajawa wa taifa. Lakini nyumba yake mwenyewe inatufundisha kwamba mtu anaweza kupingwa na watu wake bila kuacha kuwa mtu wao. Mwaka 1995, Mwalimu akizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM, mwanawe Makongoro aligombea ubunge Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashinda. Mwaka 2010 Vincent Nyerere, wa ukoo huohuo, aliichukua Musoma Mjini kwa CHADEMA. Kule Bunda, mwaka huohuo wa 1995, Stephen Wasira alihamia NCCR-Mageuzi na kumbwaga Joseph Warioba, Waziri Mkuu mstaafu aliyesimama kwa CCM. Warioba alikwenda mahakamani na matokeo yakatenguliwa. Leo Wasira ni Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara, na Warioba, aliyeongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ndiye mzee ambaye wanaotaka katiba mpya humtaja kwa heshima kuliko wote. Ukiyafuata maisha ya watu hawa utaona haraka jinsi ilivyo upuuzi kumchukia ndugu yako kwa sababu ya rangi ya fulana aliyovaa mwaka wa uchaguzi.

Kwetu mwaka ule baba mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM na mdogo wake alikuwa amepagawa na Mrema wa NCCR-Mageuzi. Walikwaruzana vibaya, mpaka siku moja mdogo mtu akatishia kuhamisha mifugo yake. Baba mkubwa alimwambia mbele yetu wote: "Kura ni yako, fanya unavyotaka. Ng'ombe ni wa ukoo." Wakakaa. Nimekutana na wataalamu wengi wa demokrasia tangu siku hiyo, na bado sijasikia mmoja aliyeligawa jambo vizuri zaidi.

Ndiyo maana yaliyotokea kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, yametuumiza kwa namna tusiyoizoea. Watu waliuawa. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Rais aliunda tume ya uchunguzi, na wajibu wa kusema ni wangapi na kwa mkono wa nani ulikuwa wa tume hiyo; sisi tulichotaka ni ukweli wote. Ninachoweza kusema mimi ni cha nyumbani: wazazi wa Murangi wenye watoto Dar es Salaam, Mwanza na Arusha walishika simu zisizoleta ujumbe, na mama mmoja jirani yetu alikaa nje usiku kucha kana kwamba mwanawe angetokea kwa miguu. Aliyeamua kukata mawasiliano hakumfikiria mama huyu, sawasawa na aliyefunga mpaka mwaka 1977 asivyomfikiria bibi yangu. Siasa yoyote inayotaka niiamini ianze hapo.

Nirudi ziwani.

Najua kwa nini wengi wamelikatia tamaa. Mei 21, 1996 meli ya Bukoba, iliyoidhinishwa kubeba abiria 430, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 800, na makaburi yao yako Igoma. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilizama mita chache kabla ya gati la Ukara kikiwa kimejaa watu waliotoka gulioni Bugolora, wakafa zaidi ya 220. Kati ya ajali hizo mbili ni miaka 22, na sababu iliyotajwa ya kwanza ni ileile: watu wengi kuliko chombo. Mtu akiniambia hapandi meli tena, siwezi kumbishia.

Lakini nimwambie jambo. Watu hawakuacha kuvuka. Wanavuka sasa hivi, kwa boti za mbao zenye injini moja, nyingi bila jaketi za kutosha, kwenda Rukuba, kwenda Ukerewe, kwenda visiwa vya Bunda, wakiwa na watoto mapajani na upepo wa mchana ukianza kuchafuka. Hakuna anayehesabu vizuri wanaopotea huko, kwa kuwa wanazama wawili wawili, watano watano, na habari inaishia mwaloni. Hofu ya meli kubwa imetusukuma kwenye vyombo vidogo, na vyombo vidogo vinaua bila matanga ya kitaifa. Palipo na kivuko watu wameonesha wanachotaka: MV Musoma kati ya Musoma na Kinesi, MV Mara kati ya Iramba na Majita, kila kimoja kikiharibika unaona foleni na unasikia malalamiko kesho yake. Hayo si malalamiko ya watu waliochoka na maji.

Wanaopinga meli kurudi wana hoja ya pili, na ni nzito kuliko ya hofu. Wanasema basi la Musoma kwenda Mwanza ni la nusu siku, nani atapanda meli ya usiku? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya ziwa, na foleni ya vivuko pale imekwisha. Wakati ni wa barabara. Nakubali kwa msafiri mwenye begi moja. Sikubali kwa mama mwenye magunia ya dagaa, ambaye anamlipa mwenye lori, kisha anawalipa wapakiaji, kisha anafika soko la Kirumba, Mwanza, saa ambayo bei imeshaanguka. Sikubali kwa mtu wa Rukuba, ambaye hakuna lami itakayomfikia. Na kwa Kisumu sikubali kabisa. Jumuiya tumeifufua tangu mwaka 2000, viongozi wetu wanapiga picha Arusha kila mwaka, na binamu zangu bado wanazunguka mpakani Sirari kwa mabasi na bodaboda ili kuja kuzika.

Meli tunazo. Victoria ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020, inabeba abiria 1,200, inakwenda Bukoba. Butiama, iliyopewa jina la kijiji cha mkoa wetu, ilikarabatiwa mwaka huohuo kwa safari za Nansio. MV Mwanza, mpya kabisa, nayo ya abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Sisi wa Mara tumelipa kodi zilizozitengeneza. Nikisimama juu ya mwamba hapa kwetu naona meli ya mizigo ikipita mbali, imenyoosha kuelekea kaskazini, na nawaza ni gharama gani ya ajabu hiyo inayoizuia serikali kuipangia moja ya abiria kuingia Musoma hata mara moja kwa wiki, kwa majaribio ya mwaka mmoja, ikiwa na orodha ya abiria inayoandikwa kwa majina na lango linalofungwa idadi ikitimia, hata kama atakayebaki gatini ni mke wa mkuu wa wilaya.

Wa kuiuliza serikali hilo ni wabunge. Tangu mwaka 2000 hadi alipohamia Butiama, jimbo letu la Musoma Vijijini liliwakilishwa na Nimrod Mkono, wakili aliyejenga shule kwa fedha zake na ambaye watoto wengi wa hapa wamesoma kwa sababu yake. Baada yake akaja Profesa Sospeter Muhongo, mtaalamu wa miamba, ambaye vitabu na zahanati vimekuwa kazi yake. Wote wawili walijua kuisumbua serikali walipoamua. Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Waziri wa Uchukuzi husoma bajeti yake Dodoma na wabunge huuliza maswali. Wabunge wa Musoma Mjini, Musoma Vijijini, Butiama, Rorya, Bunda na Mwibara wanakaa ukumbi ule mmoja. Wakubaliane kabla ya kuingia, wasimame mmoja baada ya mwingine, na waulize swali moja tu: meli ya abiria itatia nanga Musoma tarehe ngapi, na nauli ya daraja la tatu hadi Kisumu itakuwa shilingi ngapi?